Ulimi unashuka, masafa hayasogei: metamateriali ya terahezi inayorekebishwa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa mwisho, nipo Mbeya. Mradi wangu ni metamateriali ya kudhibiti mawimbi ya terahezi, yaani yanayotetemeka karibu mara trilioni kwa sekunde. Nimechora pete za dhahabu zenye pengo, kila moja upana wa mikromita 36, zimepangwa kila baada ya mikromita 50 juu ya silikoni. Juu ya pengo kuna ulimi mwembamba wa dhahabu unaovutwa chini kwa volti. Kwenye kompyuta nikiushusha ulimi kutoka mikromita 2 hadi 1.4, masafa ya pete hayasogei hata asilimia 1. Msimamizi anasema lazima kuna mahali nimekosea. Ni wapi? Na je, bila chumba safi wala kipimo cha terahezi, kuna chochote ninachoweza kupima kwa mikono yangu huku kwetu?

Jibu: Marahaba. Kompyuta yako imekuambia ukweli. Tatizo liko kwenye mchoro wenyewe, na karibu kila anayeanza kazi hii hulikuta palepale ulipolikuta wewe. Tupige hesabu kwa kalamu kwanza, kisha tuone cha kubadilisha.

Pete yako ni koili ya mzunguko mmoja, na pengo lake ni kapasita. Ni saketi ileile ya redio za zamani, zile ambazo ukizungusha kitufe unaona bamba za chuma zikiingiana na stesheni inabadilika. John Pendry na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba pete za namna hii zikipangwa kwa wingi, huku kila moja ikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, wimbi haliioni pete mojamoja. Linaona tabaka moja lenye tabia ambayo maada ya kawaida haina, na hiyo ndiyo metamateriali. Kwako sharti hilo limetimia: kwenye terahezi 0.46 wimbi lina urefu wa mikromita 650 hewani, na pete ni 36 tu.

Pete ya mraba ya mikromita 36 yenye mikono ya upana wa mikromita 4 ina indaktansi ya takriban pikohenri 69. Juu ya silikoni, mzingo wake unavuma ukiwa nusu ya urefu wa wimbi ndani ya mazingira yake, na hapo ndipo inapopatikana terahezi 0.46 hivi. Rudisha namba hizo kwenye f = 1/(2π√LC), L ikiwa indaktansi na C kapasitansi, utapata kapasitansi ya femtofaradi 1.7. Iandike pembeni, maana kila utakachokiongeza juu ya pengo kitapimwa dhidi yake.

Sasa ulimi. Tuseme unafunika mikromita 6 za mkono kila upande wa pengo, kwa upana wa 4. Kila upande ni mikromita za mraba 24. Pande hizo mbili ni kapasita mbili zilizofuatana, kwa hiyo eneo linalofanya kazi ni 12 tu. Ulimi ukiwa mikromita 2 juu, unachangia femtofaradi 0.053. Ukishuka hadi 1.4, unachangia 0.076. Umeongeza femtofaradi 0.023 kwenye 1.7, na kwa kuwa masafa yanafuata kinyume cha kipeuo cha pili cha kapasitansi, unapata badiliko la asilimia 0.6 hivi. Kingo za ulimi huongeza kidogo juu ya hesabu hii ya bamba sambamba, lakini haziwezi kukuokoa. Mwonyeshe msimamizi hesabu hiyo, ni mistari mitatu.

Ukiushusha ulimi hadi mikromita 0.2, mchango wake unaruka hadi femtofaradi 0.53 na masafa yanaanguka kwa asilimia 12, kutoka 0.46 hadi 0.40. Kwa hiyo karibu mabadiliko yote yamejificha mwisho wa safari, jirani kabisa na kugusana. Na huko ndiko volti inakozuia usikae.

Nguvu ya umeme kati ya bamba mbili hukua kwa mraba wa umbali unaopungua, ilhali nguvu ya springi inayourudisha ulimi juu hukua kwa mstari ulionyooka tu. Ulimi ukishuka theluthi moja ya nafasi, umeme unaishinda springi na ulimi unanaswa: unaanguka hadi chini kwa ghafla, na hakuna volti itakayoushikilia katikati. Kwa nafasi ya mikromita 2, mahali pa mwisho pa utulivu ni 1.33. Wewe ulisimama kwenye 1.4, umetumia karibu uhuru wote ulionao.

Volti ya kunasa ni V = √(8kg³/27ε₀A), k ikiwa ugumu wa ulimi, g nafasi, A eneo la elektrodi, na ε₀ namba isiyobadilika ya umeme hewani. Ulimi wa dhahabu wenye urefu wa mikromita 30, upana 10 na unene 0.5 una ugumu wa newtoni 0.9 kwa mita. Ukiwa na elektrodi ya mikromita 10 kwa 20 na nafasi ya 2, utanaswa kwenye volti 35 hivi. Angalia unene hapo: ugumu hufuata unene kwa mchemraba. Ukiweka mikromita 0.6 badala ya 0.5, ugumu unapanda kwa asilimia 73 na volti inafika 46. Tabaka la dhahabu lisilo sawa kutoka ukingo hadi katikati ya kisahani (bamba jembamba linalobeba pete zote) litafanya ndimi za upande mmoja zinaswe wakati za upande wa pili bado zimesimama.

Kuna jambo la pili linalokubana, nalo watu hulisahau. Silikoni ina dielektriki (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi uga wa umeme) ya 11.7, hewa ni 1. Zaidi ya asilimia 90 ya kapasitansi ya pete yako iko chini, ndani ya silikoni, mahali ambapo ulimi haufiki. Unajaribu kuzima moto wa chini ya sufuria kwa kupepea kifuniko. Ukiihamisha pete ileile kwenye kwatzi iliyoyeyushwa, dielektriki 3.8, kapasitansi ya msingi inashuka hadi karibu 0.65 na masafa yanapanda hadi terahezi 0.75. Safari yako ya 2 hadi 1.4 sasa inaleta asilimia 1.6, karibu mara tatu, bila kuugusa ulimi. Utando mwembamba wa silikoni naitraidi unafaa zaidi ya kwatzi, lakini unapasuka ukiushika vibaya. Polimaidi nayo inatumika sana, ila inanyonya nguvu ya wimbi na resonansi, yaani mvumo wa pete, inakuwa pana.

Panua pia mikono pale kwenye pengo. Ukiweka vibao vya mikromita 10 kwa 10 kila upande, eneo linalofanya kazi linatoka 12 hadi 50.

Baada ya hapo amua unataka nini hasa. Ukitaka hali mbili tu, kuwasha na kuzima, kubali ulimi unaswe. Funika mikono ya pete kwa kihami cha naitraidi cha nanomita 100 na uache ulimi uangukie hapo. Hii ndiyo njia rahisi, na kwa mradi wa shahada ya kwanza ningeichagua hiyo. Usiitegemee hesabu ya kihami peke yake, inayosema utapata femtofaradi kadhaa ukigusana. Uso wa dhahabu una vinundu, hewa hubaki katikati, na ndiyo maana mimi natumia mikromita 0.2 ya hewa kama makadirio ya uangalifu. Usitumie pia volti ya upande mmoja kwa muda mrefu, kwa sababu chaji hujikusanya ndani ya kihami na ulimi unabaki chini hata umeme ukikatwa. Tumia volti ya umbo la mraba inayogeuka chanya na hasi, kwa masafa yaliyo juu ya mvumo wa ulimi wenyewe ili usitetemeke.

Ukitaka kurekebisha taratibu bila kuruka, sogeza kitu pembeni badala ya chini. Vichana viwili vya silikoni vinavyoingiana huvutana kwa nguvu isiyobadilika na umbali, kwa hiyo hakuna kunaswa kwa mwelekeo huo. Meno 100 yenye kina cha mikromita 20 na nafasi ya 2 kati yake, kwa volti 30, yanatoa mikronewtoni 8. Springi ya newtoni 1 kwa mita inasogea mikromita 8. Kundi la Ai-Qun Liu huko Singapore lilionyesha mwaka 2011 pete zilizokatwa vipande viwili, kipande kimoja kikiwa kimeshikwa na kingine kikisogezwa na vichana. Uzuri wake ni kwamba fremu moja inasogeza maelfu ya pete kwa pamoja. Gharama yake ni kisahani cha silikoni cha tabaka mbili na mashine ya kuchonga mashimo wima.

Njia ya tatu ni joto. Bandika dhahabu juu ya naitraidi: dhahabu inatanuka kwa sehemu 14 katika milioni kwa kila nyuzi, naitraidi kwa 3 hivi, na mkono unapinda. Mkono wa mikromita 100 wenye naitraidi ya 0.4 na dhahabu ya 0.2 unasogea ncha yake mikromita 8 hadi 9 kwa kila nyuzi 100 za joto. Hu Tao na wenzake huko Boston walitumia mikono ya aina hii mwaka 2009 kuinamisha bamba zenye pete dhidi ya wimbi. Ila ujue kwamba kifaa hicho ni kipimajoto pia. Asubuhi ya Julai Mbeya na mchana wake vinaweza kupishana nyuzi 15, nazo zinatosha kuhamisha ncha kwa zaidi ya mikromita moja kabla hujawasha chochote. Mkono wa mikromita 100 haukai ndani ya mpangilio wako wa 50, lakini unaweza kuutanua: ndani ya silikoni wimbi la terahezi 0.46 lina mikromita 190, na chini ya hapo mpangilio hauanzi kutawanya wimbi pembeni.

Njia zisizo na kitu kinachosogea zipo. Mwaka 2006 Hou-Tong Chen na wenzake huko Los Alamos waliunganisha pete na semikondakta ya galiamu arsenaidi, volti 16 ikaondoa chaji kwenye pengo na mkondo wa wimbi ukabadilika. Inafanya kazi haraka kuliko ulimi wowote. Lakini hapo unapunguza au kuongeza kina cha resonansi zaidi kuliko kuihamisha, na wewe unataka kuihamisha.

Kuhusu kutengeneza. Hutachonga Mbeya, lakini mchoro wako lazima uweze kuchongwa na mtu mwingine, kwa hiyo ujue mpangilio. Unaanza na kisahani safi, na kama ni silikoni iwe ya ukinzani mkubwa, om-sentimita 5,000 au zaidi, la sivyo silikoni yenyewe itanyonya wimbi. Pete: titani nanomita 10 kwa ajili ya kushika, kisha dhahabu nanomita 200. Usishuke chini ya hapo, kwa sababu mkondo wa terahezi 1 huingia ndani ya dhahabu nanomita 75 hadi 80. Kwa wanaouliza gharama: dhahabu ya nanomita 200 juu ya sentimita moja ya mraba haifiki nusu miligramu. Wachimbaji wa Chunya wasingeiona hata kwenye karai. Kisha kihami, kisha tabaka la muda la mikromita 2, kisha nguzo na ndimi, na mwisho kuondoa lile tabaka la muda ili ndimi zibaki zinaning'inia.

Hapo katikati ndipo wengi wanaumia. Ukitumia fotoresisti (utomvu wa kuchorea kwa mwanga) kama tabaka la muda, usikate umbo la ulimi kwa njia ya kuinua dhahabu kwa asetoni, kwa sababu asetoni itaondoa na tabaka la chini na ndimi zitaelea na kupotea. Badala yake ondoa dhahabu isiyotakiwa kwa mchanganyiko wa ayodini na potasiamu ayodaidi. Fotoresisti ikipata joto kali wakati dhahabu inawekwa, inaungua na kuacha ngozi ambayo haitoki kwa kemikali, na hapo unahitaji plazima ya oksijeni. Mwishoni usiache maji yakauke yenyewe. Tone linalokauka chini ya ulimi linauvuta hadi chini na unanata moja kwa moja. Maji hubadilishwa na pombe ya isopropili, pombe ikabadilishwa na kaboni dioksaidi ya kimiminika, kisha hiyo ikapitishwa juu ya nyuzi 31 na baa 74, mahali ambapo hakuna uso wa kimiminika wa kuvuta kitu. Hata baada ya hapo unyevu wa hewa unaweza kunasa ndimi. Sampuli ikifika kwenu masika, hasa kama upo pande za Tukuyu, iishi ndani ya kopo lenye silika jeli.

Sampuli ya sentimita moja kwa moja yenye mpangilio wa mikromita 50 ina pete 40,000. Zikinata asilimia 10, hutaona resonansi iliyosogea kidogo. Utaona bonde la pili dogo upande wa masafa ya chini, kwenye mahali pa ndimi zilizoshuka. Ni dalili nzuri ya kukagua kazi ya mchongaji. Nyaya za volti zipite kwenye mwelekeo wima kwa uga wa umeme wa wimbi, kwa maana zikienda sambamba nao zitafanya kazi ya wavu na kulizuia wimbi lote.

Ukipata mtu wa kukupimia, mwulize unene wa kisahani. Silikoni ya mikromita 500 hurudisha mwangwi wa mpigo baada ya pikosekunde 11.4. Wapimaji wengi hukata data kabla ya mwangwi, na ukikata hapo uwezo wako wa kutenganisha masafa ni gigahezi 88. Resonansi yako yenye ubora (masafa yakigawanywa kwa upana) wa 8 ina upana wa gigahezi 58! Utaiona imenenepa na utailaumu dhahabu bure. Omba kisahani cha milimita 1, kinachokupa gigahezi 44, au mkubaliane data isikatwe na mwangwi uondolewe kwa hesabu. Chumba cha kipimo kijazwe naitrojeni kavu, kwa kuwa mvuke wa maji una mstari mkali kwenye terahezi 0.557 na mwingine kwenye 0.752, huo wa pili ukiwa juu kabisa ya pete yako ya kwatzi. Kwa sababu hiyo ningeichora pete ya kwatzi kubwa kidogo, mikromita 42, ili ishuke karibu na 0.64.

Sasa la kufanya kwa mikono. Milinganyo ya Maxwell haijali kipimo: kuza kila urefu, masafa yanapungua kwa kiasi hichohicho. Chukua bodi ya saketi ya FR4 (ile ya kawaida ya nyuzi za kioo) ya milimita 1.6 yenye shaba upande mmoja tu. Chora pete ya mraba ya milimita 24, mikono ya upana wa 3, pengo la 1, na uondoe shaba isiyotakiwa kwa feri kloraidi. Uzidisho ni mara 667. Utapata indaktansi ya nanohenri 43 na resonansi kati ya gigahezi 1.1 na 1.3, ndani ya uwezo wa NanoVNA, kipimo kidogo cha mawimbi cha bei nafuu kinachofika 1.5. Tengeneza vitanzi viwili vya waya wa koaksia vya kipenyo cha milimita 8, kimoja kila upande wa bodi, milimita 10 hadi 15 kutoka kwenye pete. Fanya kalibresheni kwenye ncha za kebo, angalia S21 (kiasi cha wimbi kinachovuka kutoka kitanzi kimoja hadi kingine), utaona kilele. Sogeza vitanzi mbali kidogo: kilele kikihama, vilikuwa karibu mno na vilikuwa vinaivuta pete. Rudisha nyuma hadi masafa yatulie, hata kama kilele kinabaki kidogo.

Ulimi ni kipande cha shaba cha milimita 10 kwa 3 kilichobandikwa chini ya kipande cha povu. Kiinue kwa kupanga karatasi za plastiki za milimita 0.1 chini ya kingo za povu, nje ya pete. Plastiki isiwe kati ya ulimi na pengo, kwani hapo utakuwa unapima plastiki. Hesabu ya bamba inatabiri kushuka kwa asilimia 3.5 ulimi ukiwa milimita 2 juu, 6.6 ukiwa 1, 12 ukiwa 0.5, na 24 ukiwa 0.2. Pima kila hatua mara tatu kwa kuinua na kurudisha, kwa sababu chini ya milimita 0.5 kujikunja kwa shaba ndiko kunakoharibu matokeo. Kisha iga silikoni: bandika bamba la kauri au kioo kinene chini ya bodi, rudia, na uone ulimi unavyopoteza nguvu. Mchoro huo wa mistari miwili ndio jibu kamili la swali la msimamizi wako.

Kuna kitu kimoja ambacho kipimo kikubwa hakikupi kwa uaminifu, nacho ni upotevu. FR4 yenyewe hupoteza kwa kiwango cha 0.02, na dhahabu ya terahezi hupoteza kwa namna nyingine. Linganisha masafa tu, upana wa kilele uache.

Kwa uigaji wa kompyuta, programu za openEMS na Meep ni za bure na zinatosha. Weka seli (vijisanduku vya hesabu) zisizozidi mikromita 0.5 ndani ya pengo na chini ya ulimi, na ulimi ukifika 0.2 weka angalau seli nne katika urefu huo. Seli jirani zisikue kwa zaidi ya mara 1.5. Kwa seli ya 0.5 hatua ya muda ni femtosekunde 1 hivi, na unahitaji pikosekunde 50, yaani hatua 50,000. Kompyuta ya mkononi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inamaliza. Fanya kila umbali wa ulimi kuwa kazi ya peke yake inayohifadhi matokeo, umeme ukikatika usianze upya. Mchoro wa kuchongwa uchore kwenye programu ya KLayout, kila tabaka na namba yake, na uache mikromita 2 za usalama mahali tabaka mbili zinapokutana, kwa kuwa mashine nyingi za kupanga tabaka haziaminiki chini ya hapo.